Chuo kidogo Marekani: anza na mwongozo wa kozi

Wadogo zangu wanaotaka kuja kusoma Marekani huniuliza ada ni kiasi gani, baridi ikoje, na kazi zinapatikana? Mara chache sana mtu huniuliza kozi anazozihitaji hufundishwa muhula gani. Kwa anayekwenda chuo kidogo, mimi ningeanzia hapo.

Nimesoma chuo cha namna hiyo na bado nakipendekeza. Darasani mko wachache, profesa anakujua kwa jina, na saa zake za kuonana na wanafunzi zimeandikwa kwenye silabasi. Nenda hata kama huna shida kubwa. Wengi wetu tunaamini anayeonekana ofisini kwa mwalimu ana kesi, kwa hiyo tunakaa kimya mpaka mambo yaharibike.

Ila udogo una gharama zake. Idara yenye walimu watatu haiwezi kufundisha kila kozi kila muhula. Za mwaka wa kwanza zipo wakati wote. Za mwaka wa tatu na wa nne huja kwa zamu, nyingine mara moja tu kila baada ya miaka miwili, na huruhusiwi kuziingia kabla ya kufaulu kozi tangulizi. Huku hakuna mambo ya sapu kama tulivyozoea. Ukifeli tangulizi, unasubiri irudi, na wakati wewe unasubiri, ile iliyokuwa inafuata inapita. Kozi moja inaweza kukusogezea mahafali mwaka mzima. Kwa hiyo chukua mwongozo wa kozi wa mwaka ulioingia chuoni, maana kwa kawaida masharti ya mwaka huo ndiyo yatakayotumika kwako, kaa na mshauri wako wa masomo, mchore ramani ya mihula yote minane. Usimwachie yeye peke yake. Ana wanafunzi wengine, na shahada ni yako.

Kuna hesabu nyingine inayowapiga chenga wengi. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, anayesoma shahada ya kwanza kwenye chuo cha mihula hutakiwa kuwa na angalau krediti 12 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi) kila muhula. Watu wanasikia 12, wanaridhika. Sasa zidisha: 12 mara mihula minane ni 96, na shahada kwa kawaida ni krediti 120. Zile 12 zinalinda viza tu. Anayetaka kumaliza ndani ya miaka minne anahitaji wastani wa 15. Na usijaze kozi za mtandaoni: ndani ya zile 12 za lazima, inahesabiwa kozi moja tu ya mtandaoni, isiyozidi krediti 3.

Sharti hilohilo ndilo linalofanya kuacha kozi katikati ya muhula kuwe jambo zito kwetu. Mwenzako Mmarekani akiona kozi imemshinda anaiacha kabla ya tarehe ya mwisho, anabaki na W, alama ya kujitoa kwenye kozi, katika transkripti, maisha yanaendelea. Wewe ukishuka chini ya 12 kabla DSO, yule ofisa wa wanafunzi wa kigeni, hajakuidhinisha, umevunja masharti ya viza. Idhini ipo, kwa sababu kama ugonjwa, au ugeni wa lugha na wa mtindo wa ufundishaji mwanzoni. Ila inatangulia, ukienda baada ya kuacha kozi, ofisa hana mengi ya kufanya.

Uzuri wa chuo kidogo ni kwamba mambo yanazungumzika. Kozi unayoihitaji ikikosekana, mkuu wa idara anaweza kukubali nyingine badala yake, au profesa akakusimamia uisome peke yako. Baada ya mazungumzo hayo, hakikisha makubaliano yameandikwa na yamefika kwa msajili. Maprofesa huhama.

Huduma nyingine zitumie bila aibu: wakufunzi wa ziada, kituo cha uandishi, mshauri wa kisaikolojia. Mara nyingi gharama yake imeshaingizwa kwenye ada na michango unayolipa, uende usiende. Mwenye ulemavu, pamoja na ule wa kujifunza kama disleksia, ana haki kisheria ya kuwekewa mazingira yanayomfaa, kama muda wa ziada kwenye mtihani, lakini lazima ajiandikishe kwenye ofisi husika. Chuo hakitakuja kumtafuta.

Na wazazi wanaopiga simu chuoni kuulizia matokeo, poleni. Sheria iitwayo FERPA, ya mwaka 1974, inampa mwanafunzi wa chuo mwenyewe haki juu ya rekodi zake, hata kama karo yote imetoka mfukoni mwa baba. Mwanafunzi anaweza kusaini fomu ya idhini ili mzazi apewe taarifa. Ninaowajua walioisaini ni wachache, na wote walikuwa na A.