Visigino Vinavyogoma Kushuka

Waweke watu ishirini wasiojuana katika chumba kimoja, kila mmoja na nchi yake na lugha yake, kisha waambie wainue mikono. Wengi wataipandisha pamoja na mabega mpaka karibu na masikio. Waambie wainame washike vidole vya miguu: migongo itajikunja kama upinde, na baadhi yao watakuwa wamebana pumzi bila kujua. Mwalimu wa yoga anayesafiri hukuta salamu mpya na vyakula vipya kila anapofika, lakini makosa ya mkekani anayakuta yale yale.

Hata hivyo, si kila kinachofanana katika vyumba hivyo kinatokana na maumbile. Kingine kinatokana na shule. Miaka ya 1930 mwalimu wa yoga Krishnamacharya alikuwa akifundisha katika kasri la Mysore, kusini mwa India, na mikononi mwake walipita wanafunzi waliokuja kuwa walimu mashuhuri: B.K.S. Iyengar, Pattabhi Jois na Indra Devi. Huyo Indra Devi alizaliwa Riga mwaka 1899, akafundisha Shanghai, akafungua studio Hollywood mwishoni mwa miaka ya 1940, na akafia Buenos Aires mwaka 2002. Kwa hiyo ukikuta mfululizo mmoja wa mikao Lisbon na Tokyo, usiharakishe kusema binadamu ni wamoja. Huenda ni maji ya kisima kimoja yaliyosambazwa kwa ndoo nyingi.

Kisima hicho kina faida yake kwa msafiri, kwa sababu kimempa lugha. Katika ashtanga, mmoja wa mitindo ya yoga, mfululizo wa mikao uitwao salamu ya jua ya kwanza huhesabiwa kwa Kisanskriti popote inapofundishwa, na kila namba ina pumzi yake. Ekam, vuta pumzi, mikono juu. Dve, toa, inama. Trini, vuta, nyoosha mgongo na utazame mbele. Chatvari, toa, rudisha miguu nyuma na ujishushe kwa mikono. Pancha, vuta, fungua kifua. Shat, toa, nyanyua nyonga uwe mbwa aliyeinamisha uso, ukae hapo pumzi tano. Sapta, vuta, rudi mbele na utazame mbele. Ashtau, toa, inama. Nava, vuta, simama na mikono juu, kisha toa pumzi ukiishusha. Anayejua namba hizi tisa anaweza kuingia darasa ambalo haelewi hata neno moja la mwalimu, na asipotee.

Sasa yale ambayo hakuna shule iliyoyafundisha. La kwanza ni pumzi kukatika kwenye chatvari. Mwili ukibeba mzigo mgumu hufunga koo na kukaza tumbo ili kiwiliwili kiwe imara, na hapo ndipo pumzi inapokwama. Kumkumbusha mtu apumue husaidia kidogo. Kinachosaidia zaidi ni kumpunguzia mzigo: aweke magoti chini, viwiko vibaki karibu na mbavu, na mabega yasishuke chini ya usawa wa viwiko.

La pili ni vifundo vya mikono kuuma kwenye mkao wa mbwa. Uzito wote umekaa kwenye kitako cha kiganja. Tandaza vidole, kandamiza shina la kidole gumba na la kidole cha shahada, kisha kunja magoti kidogo ili nyonga zirudi nyuma. Watu hukataa kukunja magoti kwa sababu wanataka visigino viguse sakafu. Visigino havina haraka! Kama misuli ya nyuma ya paja imekaza, kunyoosha magoti kwa nguvu kunaupinda mgongo na kuurudisha mzigo mikononi.

Tofauti zipo pia, ila hazifuati mipaka ya nchi kama tunavyodhani. Aliyezoea kuchuchumaa tangu utotoni hushuka chini na visigino vyake vikabaki sakafuni. Aliyekulia kwenye kiti huvinyanyua, na mkeka uliokunjwa chini ya visigino unamtosha. Hayo ni mazoea. Kina cha tundu la nyonga na pembe ya shingo ya mfupa wa paja ni mambo mengine kabisa: ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kutofautiana, mmoja akakaa mkao wa lotus, kila wayo juu ya paja la pili, bila shida, mwingine asiufikie maisha yake yote. Ukimlazimisha huyu wa pili, mfupa unagonga mfupa, na goti ndilo linaloumia.

Safari nayo huwasawazisha watu kwa namna yake. Baada ya saa nyingi kitini kila mtu hushuka na miguu iliyovimba na nyonga zilizokaza mbele. Ukiwa njiani, zungusha vifundo vya miguu na usimame utembee kila saa moja au mbili. Ukifika, lala chali miguu ikiwa ukutani kwa dakika tano hadi kumi, kisha piga goti moja chini na usukume nyonga mbele taratibu, pumzi nane kila upande. Jambo moja si la yoga: safari ya zaidi ya saa nne huongeza hatari ya damu kuganda mguuni. Shavu la mguu mmoja likiuma, likivimba na kuwa la moto, usilikande wala kulinyoosha. Nenda kwa daktari mara moja.

Ukiwa mgeni darasani, fika robo saa mapema, acha viatu mlangoni, na utandike mkeka mstari wa pili au wa tatu ili uwe na wa kumtazama hata mnapogeuka. Gusa mahali penye jeraha huku ukitikisa kichwa, mwalimu ataelewa. Kama hutaki kushikwa, mwambie kabla ya kuanza.

Mwisho wa darasa ni shavasana, mkao wa maiti, na hapo chumba chochote hufanana na kingine. Kiswahili kimelijua hili siku nyingi: pumzi na kupumzika ni neno la shina moja. Mmoja atajikuna, mwingine atafungua jicho kuona kama wenzake wamefunga, na wa tatu atakoroma (mkoromo hauhitaji mkalimani). Mgongo wa chini ukiuma, viringisha blanketi uliweke chini ya magoti. Jifunike pia, maana mwili uliotoka jasho hupoa upesi. Kaa dakika tano kwa uchache. Kisha geukia ubavu, pumua mara tatu, na ujiinue kwa kusukuma sakafu kwa mkono, kichwa kikija mwisho.