Taa za Krismasi bustanini

Jana usiku tuliwapeleka watoto kuona taa za Krismasi kwenye bustani moja hapa mjini. Unapita kwa miguu chini ya matao ya taa, minazi imezungushiwa nyaya zinazowaka mpaka kwenye makuti. Joto letu la Desemba lile lile, jasho linatiririka, halafu mbele yako sanamu la theluji linameremeta! Mdogo wangu akasema hilo lingeyeyuka kabla halijafika Kariakoo 😂

Mimi kilichonikamata ni mkrismasi. Umechanua mwekundu wote, wakaumulika kwa taa moja tu kutoka chini. Asili yake Madagaska, lakini Desemba ya Dar bila huo mti siielewi.

Mkienda, wahini. Foleni inachosha, na pakeni dawa ya mbu.