Kundi la kusoma kwa wanauzamivu wa uchumi: jedwali moja, dakika 90

Anayesoma uzamivu wa uchumi huku Kusini, Mtwara au Lindi, kwa kawaida ana ajira mkononi: anafundisha, yuko idara ya mipango halmashauri, au yuko benki. Chuo alikosajiliwa kiko Dar, Dodoma, Morogoro au ng'ambo, na msimamizi wake ni wa barua pepe. Makala anazipata. NBER, taasisi ya utafiti wa uchumi ya Marekani, inawapa wasomaji wa nchi zinazoendelea karatasi zake bila malipo, na kupitia RePEc, maktaba ya mtandaoni ya makala za uchumi, unafikia matoleo ya awali ya makala nyingi ambazo majarida yamezifungia. Anachokosa ni mtu wa kumkatiza na kumwambia, "Hapo umepita juu juu."

Wawe wanne hadi sita. Wakiwa watatu, mmoja akipata safari ya kikazi hakuna kikao. Wakifika nane, wawili wanasoma na sita wanaitikia. Wakutane kila baada ya wiki mbili kwa dakika 90. Mji wa Lindi na mji wa Mtwara vimeachana kama kilomita 110, kwa hiyo vikao vingi vitakuwa vya simu. Zimeni video, inakula bando bure. Kila kikao kinachambua jedwali moja la makala. Picha ya jedwali hilo itumwe WhatsApp siku tatu kabla, imekatwa vizuri, ili hata anayesomea kwenye simu aone makosa sanifu (kipimo cha kuyumba kwa makadirio) yaliyo ndani ya mabano. PDF ya kurasa 60 ikitupwa kundini saa nne usiku wa kuamkia kikao, hesabuni kikao hicho kimekufa.

Ugonjwa unaoua makundi mengi ni uwasilishaji. Mmoja anapangiwa makala, anatengeneza slaidi 25, wenzake wanasikiliza na kushukuru. Aliyejifunza ni yeye peke yake. Badala yake kila mmoja aandike nusu ukurasa kabla ya siku ya kikao, akijibu mambo manne. Swali la makala ni lipi, kwa sentensi moja? Ni tofauti ipi ndani ya data inayolijibu: ya mahali, ya wakati, au ya mtu na mtu? Jedwali lipi likiondolewa makala yote inaanguka? Na nini kikiwa kweli kingelifanya jibu hilo kuwa la uongo? Asiyeandika aje, ila awe mwandishi wa kumbukumbu na asizungumze hadi dakika 15 za mwisho. Faini msiweke. Faini huzaa deni, na mwenye deni huhama kimya kimya, kama kwenye vikoba.

Kwa kikao cha kwanza chukueni makala ya Robert Jensen ya 2007 kuhusu wavuvi wa dagaa wa Kerala, India, kwa sababu kila mtu wa pwani hii anaijua biashara yenyewe kabla hajafungua ukurasa. Jensen alifuatilia vyombo 300 vya uvuvi kila wiki katika masoko 15 ya ufukweni, wakati minara ya simu ikiingia kwa awamu kati ya 1997 na 2001. Simu zilipofika, bei za soko na soko zilikaribiana mno, na samaki waliokuwa wakitupwa, asilimia 5 hadi 8 ya waliovuliwa, wakaacha kutupwa. Faida ya wavuvi ilipanda kwa asilimia 8 hivi, na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4 hivi.

Msikimbilie asilimia hizo. Anzeni na asubuhi ya tarehe 14 Januari 1997: wavuvi 11 wa Badagara, soko mojawapo la ufukweni Kerala, walimwaga samaki baharini kwa kukosa mnunuzi, huku ndani ya kilomita 15 kukiwa na wanunuzi 27 wanaokaribia kuondoka mikono mitupu. Kaeni hapo dakika 20. Kwa nini mvuvi hakuzunguka masoko mawili matatu mwenyewe? Mafuta, upepo, na soko la asubuhi linalofungwa mapema. Mkishaielewa asubuhi hiyo, regresheni, yaani hesabu ya kukadiria uhusiano ndani ya data, inasomeka yenyewe. Kisha mbaneni mwandishi: maeneo yaliyopata simu kwa nyakati tofauti ni matatu tu. Je, tuna maeneo matatu ya kulinganisha, au maelfu ya safari za baharini? Makosa sanifu yanategemea jibu la swali hilo, na mwanauzamivu anayekusanya data za vijiji vingi vya wilaya mbili atakutana nalo siku ya utetezi.

Makala ni za Kiingereza, mjadala uwe Kiswahili. Sababu ni ya kikazi kabisa: Kiingereza cha majarida kinamruhusu mtu kurudia sentensi ya mwandishi neno kwa neno akadhani ameielewa. Ila Kiswahili nacho kina mitego yake. Namba ya jedwali ikiwekewa nyota tatu za kitakwimu, wengi husema "tofauti ni muhimu". Nyota zinasema tu kwamba tofauti hiyo si rahisi kuisingizia bahati ya sampuli. Shilingi 5 kwa kilo inaweza kupata nyota tatu sampuli ikiwa kubwa, na mkulima wa magunia mawili asiione. Neno "athari" nalo mtaani ni madhara, kwa hiyo "athari za simu kwa wavuvi" linasikika kama simu zimewaumiza. Na "matokeo" tunayabebesha mizigo miwili, yale yaliyogunduliwa na kile kinachopimwa. Andaeni orodha ya maneno 20 mliyokubaliana, ibandikwe juu ya kundi, na anayekiuka akatizwe papo hapo.

Baada ya vikao vitatu vinne vya namna hiyo, ingieni kwenye makala za mbinu. Kwetu ya lazima ni ile ya tofauti ya tofauti (kulinganisha mabadiliko ya waliofikiwa na ya wasiofikiwa) pale mabadiliko yanapoingia kwa zamu. Goodman-Bacon, na Callaway pamoja na Sant'Anna, wote mwaka 2021, walionyesha ubovu wa regresheni tuliyoizoea: inachukua maeneo yaliyokwisha kubadilika na kuyafanya kipimo cha yaliyochelewa. Kama badiliko linakua mwaka hadi mwaka, makadirio yanapotoka, na yanaweza hata kugeuka alama, chanya ikawa hasi. Msibaki kwenye herufi za Kigiriki. Stakabadhi ghalani kwenye korosho, yaani mkulima kupeleka mzigo ghalani ukauzwe kwa mnada, ilianza Mtwara msimu wa 2007/2008, mikoa mingine ikafuata. Chora mikoa kwa mistari na misimu kwa safu, weka alama kila unapoingia mfumo, kisha uliza: mkoa uliochelewa unalinganishwa na nani? Karatasi ya daftari inatosha.

Kwenye mchoro huohuo msimu wa 2018/2019 uwekewe alama ya peke yake. Novemba 2018 serikali iliamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, kwa hiyo bei ya msimu ule si ya mnada.

Na "bei ya korosho" ni ipi hasa? Kuna bei ya mnada, kuna kinachomfikia mkulima baada ya makato ya chama cha msingi, chama kikuu, ushuru, ghala na usafiri, na kuna kangomba: mwenye shida ya ada anauza kwa bakuli kabla ya msimu. Kangomba haijiandiki kwenye vitabu vya AMCOS, hicho chama cha msingi. Aliyenunua kwa kangomba anapeleka mzigo ghalani kwa jina la mkulima, na kitabu kinaonyesha mkulima kalipwa bei ya mnada. Utafiti unaotegemea vitabu hivyo peke yake unamtajirisha mtu maskini kuliko wote.

Kila kikao cha tatu kiwe cha kurudia jedwali, yaani kuzikokotoa upya namba zake kwa data ya mwandishi. Majarida ya American Economic Association huweka data na programu zake openICPSR, hifadhi ya data ya mtandaoni. Chagueni safu mbili tu. Tumieni R, programu ya takwimu ya bure, kwa sababu leseni ya Stata, programu ya kulipia, si kila mtu anaimudu. Angalieni idadi ya kaya kabla ya kugusa namba nyingine: ikipishana na ya makala, tatizo karibu kila mara liko kwenye kuunganisha mafaili au kwenye majibu yaliyoachwa wazi. Kwa data za Tanzania kuna National Panel Survey, utafiti unaozirudia kaya zilezile, iliyoanza 2008/2009 na kaya 3,265. Tahadhari moja: sampuli yake haikuundwa kuusemea mkoa mmoja mmoja. Anayetaka kuandika "umaskini wa Lindi" kutokana na kaya chache zilizoangukia Lindi asimamishwe mapema.

Rasimu za wanakundi zisomwe pia, kurasa 10 zisizidi. Mwenye rasimu anakaa kimya dakika 20 za mwanzo wakati wenzake wanaelezana alichoandika. Akisikia wamekielewa kinyume, asikimbilie kujitetea: aweke mstari kwenye aya iliyowapoteza.