Kandambili ya Ras Kitau

Jana baada ya magharibi binti wa dada yangu alinijia na daftari. "Mjomba, 'maelstrom' ni nini?" Kamusi yake inasema ni vurugu kubwa, na mfano wake ni nchi iliyoingia vitani. Nikamwambia Waingereza neno hilo wameliazima kwa Waholanzi: nusu yake kusaga, nusu mkondo. Mkondo usagao. Likaitiwa maji ya Moskstraumen, kwenye visiwa vya Lofoten huko Norwe. Habari za vita zikaja baadaye. Akaandika. Mimi nikabaki na kumbukumbu ya kandambili yangu.

Siku ile ilikuwa kusi, upepo watoka kusini, mwezi una siku kumi na sita, bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Maji yalijaa karibu saa kumi na moja alfajiri, sisi tukatoka kisiwa cha Manda kuvuka kwa mashua kwenda Shela, kisiwani Lamu, saa mbili. Mwenye kujua bahari keshaona kosa. Maji hayapwi kwa kasi moja. Igawe tofauti ya maji makuu na maji madogo mafungu 12: saa ya kwanza hushuka fungu 1, ya pili 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja, kisha 2, kisha 1. Bamvua ya Lamu hushuka kama mita 3, basi nusu nzima ya maji hayo hutoka katika saa mbili za katikati, na yote yapite mlango ule mwembamba wa Shela. Sisi tulikuwa katikati kabisa. Tena kusi inavuma ikiingia, maji yanatoka. Wimbi husimama wima likakatika.

Ami alinipa usukani kwa sababu niliuomba sana.

Mkondo ukipita ncha ya rasi, kama Ras Kitau ya Manda inayotazamana na Shela, haupindi nayo. Nyuma ya ncha hubaki pengo, na maji hurudi kulijaza. Kati ya yanayotoka na yanayorudi pana mstari wa povu na majani, unauona waziwazi. Chombo kikiuvuka kwa pembe mbaya, omo, yaani mbele, huchukuliwa huku na tezi, nyuma, kule, nacho hugeuka chenyewe. Mimi niliuvuka hivyo. Nikaukaza usukani kinyume, tanga likalegea, likapiga, foromali, mti unaobeba tanga, ikapita juu ya kichwa changu.

"Ata!" Ami akasema, wala hakupaza sauti. "Ata mai yakupeke." Yaani, acha maji yakupeleke.

Akaifungua demani, kamba ya tanga, akaniketisha chini. Kandambili yangu moja ilikuwa imeanguka majini, ya buluu, kamba nyeupe. Ikazunguka. Ikaenda upande wa rasi, ikasita kidogo mahali maji yalipokuwa laini kama mafuta, ikapinda, ikarudi karibu na mbavu ya mashua, mkono wangu ukaikosa kwa shibiri moja. Ami hakunitazama mimi, aliitazama ile kandambili. Mzunguko wa pili ikapita palepale. Mara ya tatu, ilipofika pale penye maji laini, akasema "Kasia", tukavuta wawili, hatukuvuta kurudi tulikotoka, tulivuta kukata mstari moja kwa moja, na mkondo ukatutema nje. Shela tuliifikia chini sana ya gati, tukaburura chombo kwenye mchanga. Nyumbani sikusema kitu.

(Ya kwamba kusini mwa ikweta maji lazima yazunguke upande mmoja, yaache. Kwa kizingia kidogo, maji ya kuzunguka, kama kile linaloamua ni umbo la pwani: yakipwa huzunguka hivi, yakijaa huzunguka upande wa pili wa rasi, kinyume.)

Ndiyo maana ile "vurugu" ya kamusi inanikwaza. Mle hamkuwa na vurugu. Mlikuwa na hesabu, kandambili iliijua. Vurugu ilikuwa mikononi mwangu. Lakini nilipokuwa ndani, ungeniuliza, ningekwambia lipi? Pengine waliotunga mfano wa vita nao walikuwa wamekaa chini ya foromali.

"Sasa kwenye mtihani niandike nini?" akauliza.

Nikamwambia aandike vurugu.

Ile kandambili ya pili niliitupa mwenyewe baada ya wiki moja, pale gatini, nione itakavyozunguka. Yalikuwa maji mafu, mkondo hauna nguvu. Ikakaa tu kando ya ngazi, inacheza cheza, mpaka mtoto mmoja akaiokota akaniletea.