Kupima upumuaji wa jani la majini lililotiwa mrututu: uzoefu wangu

Ukitia mrututu (salfeti ya shaba) kwenye maji yenye jani, kisha ukapima oksijeni kwa njia ya Winkler (kemikali zinazoifanya oksijeni ya majini iachie iodini kutoka kwenye iodaidi), kipimo kinaweza kukuambia jani limepunguza kupumua kumbe linahema kama kawaida. Shaba hugombana na iodaidi na kuachia iodini, na iodini ndiyo tunayoihesabu kama oksijeni. Kila miligramu 1 ya shaba kwa lita huongeza takriban miligramu 0.13 za oksijeni ya uongo. Zikiwa 10, uongo unafika 1.26. Kosa hilo ni kubwa kuliko badiliko lenyewe unalolitafuta.

Natumia Ceratophyllum, gugu lisilo na mizizi, majani membamba kama nyuzi, linalopatikana kirahisi kwenye maji tulivu ya Ghuba ya Mwanza. Naingia na buti ndefu na glavu, maana kichocho hakina mzaha huku. Nachukua vichwa (ncha za matawi) vya sentimita 5 na kuvisuuza taratibu mpaka utando unaoteleza uishe (bakteria wa ule utando nao wanapumua), halafu navilaza kwenye maji safi hadi kesho yake. Jani lililokatwa sasa hivi hupumua kwa kasi kwa sababu ya jeraha. Kabla ya kupima navifunika gizani saa nzima: jani lililotoka juani lina hewa ndani ya vijishimo vyake, nalo huitumia hiyo kwanza, maji yanabaki yalivyo.

Mrututu: gramu 3.93 kwa lita 1 ya maji yaliyokenekwa (mvuke uliopozwa ukawa maji), kila mililita ina miligramu 1 ya shaba. Kwenye chupa ya mililita 300, mililita 0.3 zinakupa miligramu 1 kwa lita. Maji ya ziwa nayachuja, la sivyo mwani na tope vinaikamata shaba na dozi uliyoandika daftarini inakuwa ya karatasini tu.

Naweka gramu 1 ya majani, najaza bila kiputo, nafunika kwa foili, nazamisha chupa zote kwenye beseni moja kwa saa 4. Chupa moja ikipigwa jua inapumua haraka zaidi, nawe utasingizia shaba.

Kwa kila dozi lazima iwepo chupa yenye shaba ileile lakini haina jani. Hiyo ndiyo namba ya kutolea. Ikisoma miligramu 7.0 kwa lita na ya jani 5.8, tofauti ni 1.2, zidisha kwa lita 0.3, gawa kwa gramu 1 na saa 4: miligramu 0.09 kwa gramu kwa saa.

Usimimine kemikali juu ya jani, litanyonya iodini. Navuta maji kwa mpira mwembamba hadi chini ya chupa ya mililita 125, nayaacha yafurike kidogo, ndipo naweka nusu mililita ya manganisi salfeti na nusu ya iodaidi yenye alkali. Mashapo ya kahawia yakitulia, naweka asidi, kisha titresheni (kudondosha kidogo kidogo hadi rangi ya iodini iishe) ya mililita 100 kwa thaiosalfeti ya nguvu 0.0125 N: mililita 1 iliyotumika ni miligramu 1 ya oksijeni kwa lita. Wanga, unaogeuka buluu penye iodini, unaingia rangi ikishakuwa ya majani makavu, si kabla.

Dozi zikiwa kubwa naacha ubishi: jani linakaa kwenye shaba saa 24, nalisuuza, napimia kwenye maji yasiyo na shaba. Maji yenye mrututu yanabaki kwenye ndoo yake. Samaki na konokono wa ziwa hawayawezi.