Kikombe cha nani?

Jamani, jana nimeumbuka. Wifi yangu kaja kutoka Wete, nikasema leo nimpikie keki ya mtandaoni, ya Kimarekani. Vikombe viwili vya unga, kimoja sukari, mayai matatu. Mimi nikashika magi yangu ya chai, nikachota, nikashindilia na mkono juu. Ikatoka keki kama tofali! Wifi kachovya kwenye chai, kala vipande viwili, adabu tu ile.

Leo nikaazima mizani ya jirani nipime. Kumbe magi yangu inabeba mililita 350, na kikombe cha Marekani ni kama 240 tu. Mayai lakini yalibaki yale yale matatu, sasa unga wote ule uloweshwe na nini?

Tena hata kikombe chenyewe kina mambo yake. Unga nikiutia kwa kijiko polepole, nikasawazisha kwa kisu, unakuja gramu 125 hivi. Nikiuchota na kuushindilia, unafika karibu 160. Kikombe kile kile! Sukari ni 200, siagi kama 225, maana kila kitu kina uzito wake.

Bibi yangu mkate wa mayai alikuwa akiweka mayai upande mmoja wa mizani, sukari upande wa pili, kisha unga vile vile. Hakuna kikombe. Na mimi nilikuwa nikimcheka.

Ijumaa narudia, gramu tupu. Wifi bado yupo.