Nilikwenda Kampala kununua vitambaa

Pale Mutukula afisa wa uhamiaji aliniuliza bila kuinua kichwa: "Sababu ya safari?"

"Kununua vitambaa."

Akagonga muhuri. Sikudanganya. Mimi ni fundi cherehani wa Bukoba, na kila mwaka kabla ya Krismasi napanda basi kwenda Kampala kuchukua vitenge na vitambaa vya suti kwa bei ya jumla. Ila safari hii nilikuwa na sababu ya pili, ambayo sikujua ningeieleza vipi dirishani huku foleni inanisukuma mgongoni. Tangu tumzike mama mwezi wa pili, nilikuwa naamka saa tisa usiku, macho makavu, na silali tena hadi jogoo awike. Zahanati walinipima presha wakanipa vidonge. Vidonge viliisha, saa tisa ikabaki pale pale.

Aliyenitajia Garuga, kijiji karibu na Entebbe, ni mteja, mwanafunzi wa chuo aliyekuja kupunguziwa suruali. Alisema Uganda kuna Wabuddha, Waafrika wenzetu, wanafundisha kutafakari, na mtu anatoka huko mwepesi. Nilicheka. Mimi ni Mkatoliki wa kuzaliwa, na rozari ya mama iko kwenye droo ya cherehani pamoja na bobini. Lakini ukikosa usingizi miezi tisa unaanza kusikiliza hata wateja.

Kutoka Bukoba hadi mpakani si safari ya kusimulia. Unavuka Kagera pale Kyaka, kwenye daraja ambalo wazee hawalipiti bila kutaja vita ya 1978, na muda si mrefu uko Uganda, migomba ile ile, udongo ule ule. Ulikuwa msimu wa senene na mvua. Lukaya basi halijasimama vizuri, madirisha yakajaa kuku wa kuchoma kwenye vijiti na gonja za moto, na abiria niliyekaa naye akala bila kupumzika mpaka tulipopita alama ya ikweta pale Kayabwe. Mimi nilikuwa naangalia miti ya mituba. Inasimama katikati ya migomba, na Waganda wanaichuna gome, wanaligonga kwa nyundo za mbao mpaka linatanuka na kuwa kitambaa cha rangi ya udongo wa kuchoma, lubugo. UNESCO waliitambua kazi hiyo mwaka 2005. Kitambaa kisichofumwa wala kusokotwa! Kila nikipita napotea hapo.

Kampala nafikia kwa mama mdogo, Kibuye, kwenye nyumba za kupanga zenye geti moja. Getini kuna askari, mzee mstaafu wa jeshi ambaye kila mtu anamwita Afande. Kiswahili chake ni cha kambini. Serikali ya Uganda iliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini Afande hakuwangoja. Chake alikipata kwenye gwaride na hakijawahi kuomba radhi. Ana daftari kubwa la mistari: jina, unatoka wapi, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sababu. Hata mama mdogo, aliyepanga hapo miaka kumi na moja, anaandikwa akitoka kununua sukari.

"Karibu, mama ya Bukoba," aliniambia. "Leta kahawa ya kutafuna."

Nilikuwa nayo, pakiti mbili.

Asubuhi iliyofuata nikapanda teksi ya abiria barabara ya Entebbe, nikashuka njia panda, nikamalizia kwa boda. Mama mdogo nilimwambia nakwenda kuonana na mteja. Kituo cha Wabuddha cha Uganda kiko Garuga, upande wa ziwa. Kilianzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyelelewa katika Ukatoliki kama mimi, akaenda India kusoma mwaka 1990, akakutana na watawa kutoka Thailand, na mwaka 2002 akapewa utawa huko California. Siku niliyokwenda mimi sikumkuta. Tulipokewa na mtawa kijana ambaye kabla ya kunyoa kichwa aliwahi kuuza mitumba Busia, kwa hiyo Kiswahili hakikuwa shida. "Bhante" si jina, ni neno la heshima kwa mtawa, ndivyo tulivyomwita.

Nilichokiona kwanza si sanamu ya Buddha. Ni mshono. Vazi lake lilikuwa la rangi ya kutu, na alipogeuka nikaona halijatoka kwenye kitambaa kizima. Ni vipande vya mstatili, virefu kwa vifupi, vimeungwa kwa pindo la kulaza, na maungo yanasimama kidogo kama matuta. Pindo lilikuwa nyoofu kuliko langu la Ijumaa jioni. Nikauliza kabla hata salamu hazijaisha: "Nani alikata hii?"

Akacheka sana. Alisema mkato huo umerithiwa tangu enzi za Buddha mwenyewe. Buddha alikuwa njiani katika nchi ya Magadha, akaona mashamba ya mpunga yamegawanywa kwa matuta, akamuuliza mwanafunzi wake Ananda kama anaweza kuwatengenezea watawa mavazi ya namna ile. Ananda akaweza. Na kitambaa kikishakatwa vipande hivyo, mwizi hana hamu nacho. Hilo la mwizi lilinifurahisha zaidi ya lolote nililosikia siku ile. Ni mtu anayejua nguo aliyefikiri hivyo.

"Umevaa shamba," nikamwambia.

"Ndiyo. Na kazi yetu ni kulima." Neno lao la Kipali, lugha ya maandiko yao, kwa kile nilichokuja kujifunza ni bhavana, maana yake kukuza, kustawisha. Hapo ndipo nilipogundua kwamba Kiswahili kilikuwa kimeniponza. Sisi tunasema kutafakari, na kutafakari ni kufikiri kwa kina. Mimi nilikuwa natafakari kila usiku saa tisa kwa miezi tisa! Nilitafakari wodi, nilitafakari dripu, nilitafakari kwamba mama alisema neno la mwisho nami sikulisikia kwa sababu nilikuwa nimeshuka kununua maji ya chupa. Kama kufikiri kwa kina ndiyo dawa, ningekuwa nimepona mwezi wa tatu.

Bhante alisema neno jingine wanalolitumia, sati, asili yake ni kukumbuka. Si kukumbuka ya zamani, bali kukumbuka kwamba sasa hivi umekaa hapa na unavuta pumzi. Akatukalisha, watu saba, kwenye mito midogo juu ya mikeka. Macho yafumbwe, mgongo unyooke lakini usikakamae. Tuangalie pumzi inapogusa puani, inapoingia na inapotoka. Tusiivute kwa nguvu, tusiirefushe, tusiipambe.

Kisha akatoa mfano wa zamani wa walimu wao: mlinzi wa lango la mji. Mlinzi hawafuati watu mjini kuona wanakwenda wapi, wala hawafuati nje wakiondoka. Anamwangalia kila mmoja anapofika langoni, basi. Nikamwona Afande na daftari lake, nikatabasamu macho yakiwa yamefumbwa.

Kutabasamu kuliisha upesi. Kuna vizuizi vitano, alikuwa ametutajia: tamaa, chuki, uzito wa kusinzia, mahangaiko na shaka. Vyote vilinitembelea kabla ya dakika kumi. Nilitamani chai. Nilimchukia mzungu mmoja aliyekuwa anapumua kwa sauti kama pampu ya baiskeli. Nikajiuliza mimi Mkatoliki nafanya nini hapa. Na halafu, mimi niliyevuka mpaka kwa sababu silali, nikasinzia. Kichwa kilianguka mbele mpaka kidevu kikagonga kifua.

Baada ya kusinzia likaja goti. La kulia, la upande wa kukanyagia cherehani. Lilianza kama sindano moja, likawa moto, likawa goti zima, likawa dunia nzima. Bhante alikuwa amesema maumivu yakija usikimbilie kuhama. Yaangalie kwanza, kama unavyoangalia pumzi. Nikaangalia kwa hasira. Lakini kwa sababu kazi yangu ni kuangalia vitu vidogo kwa muda mrefu, nikaona jambo. "Goti linauma" ni jina tu nililolibandika. Chini ya jina kulikuwa na joto, kisha mdundo, kisha kama uzi unaovutwa kutoka nyuma ya goti kwenda mbele, kisha hakuna kitu, kisha joto tena mahali pengine kidogo. Hakuna kilichokaa. Sikuwa nimepona, bado liliuma. Ila kwa muda wa pumzi tatu au nne lilikuwa linauma bila mimi kuwa ndani yake. Sina namna nyingine ya kulisema.

Tulipopumzika nilimweleza. Akasema ndiyo njia ya pili kati ya mbili. Ya kwanza, samatha, ni kuutuliza moyo kwa kuushikisha kitu kimoja. Ya pili, vipassana, ni kuona kwa ndani: kwamba kila kitu kinapita, kwamba kukishikilia kunaumiza, na kwamba huwezi kukiita "mimi". Nikaelewa kifundi: kwanza unatuliza mkono ili uzi uingie kwenye tundu la sindano; halafu unaigeuza nguo ndani nje uone maungo yake. Bila mkono kutulia huoni kitu. Lakini hakuna anayetunga uzi kwenye sindano akafurahi akaondoka.

"Itanipa usingizi?" nikauliza, maana ndicho kilichonileta.

"Labda. Wapo wanaolala. Lakini Buddha hakuondoka kwao kutafuta usingizi."

Siddhartha, ndilo jina la Buddha mwenyewe, alikuwa na miaka 29 alipoacha nyumba, mke na mtoto mchanga, kwa sababu uzee, ugonjwa na kifo vilimnyima raha. Miaka sita alijitesa kwa njaa hadi mbavu zikahesabika, na hakupata kitu. Ndipo akakumbuka siku moja utotoni, baba yake akiwa kazini, yeye amekaa kwenye kivuli cha mti, ametulia bila kutafuta chochote. Mti wenyewe ni jambu, jamii ya zambarau. Akajiuliza, huenda njia ni hii? Akala chakula, akarudisha nguvu, akaenda kukaa chini ya mti huko Bodh Gaya, India, hadi akaona alichokuwa anakitafuta: mateso yana chanzo, chanzo ni kiu ya kushikilia, na kiu hiyo inaweza kuzimwa. Alikuwa na miaka 35. Mti wa Bodh Gaya ni wa jamii ya mtini, ndugu kabisa wa mituba niliyoiona barabarani. Hilo nililiweka akilini nimwambie mama mdogo, kisha nikakumbuka kwamba nilimdanganya.

Wakati wa chakula, kabla ya saa sita kwa sababu adhuhuri ikipita watawa hawali tena hadi kesho, nikafungua mkoba wangu. Nilikuwa nimebeba kopo la senene wa kukaanga kama zawadi. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye mfuniko ndipo nikakumbuka amri yao ya kwanza: kujiepusha na kuua kiumbe hai. Senene mia mbili, na wote niliwanyofoa mbawa mwenyewe. Nikalirudisha kopo chini ya kanga taratibu kama mwizi.

Mchana tulitembea. Hatua kumi na tano kwenda, kumi na tano kurudi, polepole: unyanyue, upeleke, ukanyage. Mama mmoja wa Jinja alikaza uso kama anabeba ndoo. Bhante akatusimulia habari za Sona, mtawa aliyetembea hivyo kwa juhudi hadi nyayo zikatoka damu, akataka kuacha utawa. Buddha alijua kwamba zamani Sona alikuwa mpiga zeze, akamuuliza: nyuzi zikikazwa mno, zinalia vizuri? Hapana. Zikilegea mno? Hapana. Basi. Babu yangu alipiga enanga, na nilikaa miguuni pake akikaza nyuzi huku sikio kaliinamisha, kwa hiyo hadithi hiyo haikuhitaji maelezo kwangu. Kwenye cherehani pia kuna skrubu ya kukazia uzi. Ikizidi uzi unakatika, ikipungua mshono unafanya vitanzi upande wa chini.

Sikutoka mwepesi, kama alivyoahidi mwenye suruali. Lile la "si mimi" bado linanikwama kooni: kama hakuna mimi, ni nani aliyemzika mama? Nilimuuliza Bhante. Alinyamaza kidogo, kisha akasema swali hilo nisilijibu kwa kufikiri. Jibu hilo lilinikera wakati ule, na mpaka leo linanikera kiasi.

Kampala nilirudi jioni katika foleni ya magari na mvua. Kesho yake nikanunua vitambaa vyangu Kikuubo, kwenye maduka ya jumla, nikabishana bei mpaka sauti ikakauka.

Usiku huo, saa tisa, macho yakafunguka kama kawaida. Wodi ikaja. Ikaja chupa ya maji, na ngazi za hospitali nilizopanda mbio. Nikavuta pumzi nikaiona ikiingia, nikaiona ikitoka. Chupa ya maji ikarudi tena, nami nikairuhusu ifike, sikuifuata ngazini. Ilirudi mara nyingi. Nikachoka kulala, nikajifunga kanga nikatoka uani.

Afande alikuwa macho, anatafuna kahawa ya Bukoba, taa ya simu juu ya daftari.

"Mama, iko nini?"

"Usingizi umegoma, Afande."

Akanisogezea kiti cha plastiki. Nikaangalia daftari. Safu za majina zilijaa, saa za kuingia na kutoka zimeandikwa kwa mkono ulionyooka, lakini safu ya mwisho, ya sababu, ilikuwa tupu ukurasa mzima.

"Mbona hapa huandiki?"

"Ile? Ile ni maneno ya mwenye nyumba." Akatema ganda la kahawa pembeni. "Mimi naandika huyu ameingia, huyu ametoka. Nikianza kuuliza kila mtu sababu, mwizi atapita nyuma yangu."

Akaniandika: mama ya Bukoba, ametoka saa tisa na dakika ishirini. Nilikaa naye mpaka mvua ilipoanza tena, nikampa lile kopo la senene, akaniandika nimeingia.